Laini mbili si njia mbili



Siku chache zilizopita nilipokea barua ya mama mmoja, muuguzi mstaafu. Yeye na wenzake watatu wana gari, Land Cruiser ya zamani, waliyoigeuza kuwa kliniki. Jumatatu alfajiri wanatoka Dar es Salaam, wanapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, wanavuka Rufiji pale daraja la Mkapa, halafu wanaingia vijiji vya Kilwa kimoja kimoja. Ijumaa wanarudi. Ndani ya gari wana mizani, dawa, mashine ndogo ya kupimia wajawazito na kompyuta moja. Kwa kompyuta hiyo daktari bingwa aliyeko mjini humwona mgonjwa na kuzungumza naye.

Sasa mtandao unawasumbua. Daktari anakatika katikati ya maneno, na mama mjamzito amelala kitandani anangoja. Wameamua kununua rauta ya kufunga garini, itakayotumia laini za kampuni mbili za simu, ili moja ikizimika nyingine ishike. Wauzaji wawili wamewaletea profoma. Wa kwanza ameandika "rauta ya laini mbili". Wa pili ameandika "rauta ya modemu mbili", na bei yake ni karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Mama anamaliza barua yake hivi: "Mwanangu, huyu wa pili ananiibia, au yule wa kwanza ananidanganya?"

Mama yangu, shikamoo. Swali lako limenigusa kwa sababu sisi wenyewe redioni tuliwahi kulijibu vibaya, na tulilijibu kwa fedha taslimu.

Mnakumbuka kimbunga Hidaya, kilichopiga pwani yetu Mei 4, 2024. Mvua zile ziliikata barabara ya kusini eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na watu wakakwama upande huu na upande ule. Jumatatu yake tulikwenda na gari letu la matangazo. Garini tulikuwa na rauta mpya, laini mbili za kampuni mbili tofauti, na aliyetuuzia alikuwa ametuapia kwamba kukatika sasa ni hadithi ya kale. Saa saba mchana nikaingia hewani, pembeni yangu fundi mmoja wa barabara ameshika kofia mkononi, maana upepo ulikuwa bado upo. Nikamwuliza magari yatapita lini. Akajibu, "Magari madogo yataanza kupita..." na hapo hapo studio ikawa haitusikii.

Ilikuwa kimya kwa karibu dakika mbili. Mtu asiyefanya kazi ya redio hajui urefu wa dakika mbili. Laini ya pili ilipokwisha kushika, mwenzangu wa studio alikuwa ameshaweka muziki. Tukaanza upya, na kabla hatujafika popote ikakatika tena. Kumbe kile kisanduku kilikuwa kimeona laini ya kwanza imerudi kidogo, kikaikimbilia, nayo ikafa tena. Kikashinda hivyo, huku na huko, kama mbuzi aliyefungwa katikati ya majani mawili.

Yule fundi alikuwa anataka kusema "kesho kutwa jioni". Wasikilizaji hawakuyapata maneno hayo matatu. Dereva mmoja wa Noah pale Mbagala alisikia kwamba magari madogo yataanza kupita, akapakia abiria saba, akaondoka. Walilala Somanga ndani ya gari siku mbili, na mmoja wao alikuwa mzee mgonjwa wa sukari. Dereva alinipigia simu baadaye. Hakunitukana. Aliniambia tu, "Bwana mtangazaji, mimi nilikuwa nakusikiliza wewe."

Tuliporudi nikamwomba fundi wetu wa mitambo akifungue kile kisanduku mbele yangu, anieleze kama anavyomweleza mtoto. Aliyonieleza ndiyo nitakayoyaeleza leo, Mama.

Ndani ya kila rauta ya namna hii mna kitu kinaitwa modemu. Hiyo modemu ndiyo simu yenyewe. Laini ni kijikadi tu cha kuitambulisha simu kwa kampuni. Rauta yetu ilikuwa na nafasi mbili za laini, ni kweli, lakini modemu ilikuwa moja. Ni kama dereva mmoja mwenye mabasi mawili. Basi la kwanza likifa njiani, lazima kwanza akubali kwamba limekufa, ashuke, atembee hadi lilipo la pili, aliwashe, apashe injini moto, ndipo safari iendelee. Modemu hufanya vivyo hivyo: hungoja kuhakikisha laini imekufa, hujitoa kwenye mtandao wa kwanza, husoma kadi ya pili, hutafuta mnara, huomba kuingia. Siku njema hiyo ni nusu dakika. Porini, mnara ukiwa mbali, ni dakika nzima na zaidi.

Kwa hiyo yule muuzaji wa kwanza hakudanganyi, Mama. Laini ni mbili kweli. Ila barabara anayokuuzia, kwa wakati mmoja, ni moja.

Rauta ya modemu mbili ina madereva wawili, na mabasi yote mawili injini zinanguruma. Moja likifa, la pili liko tayari papo hapo, na kuhama ni suala la sekunde. Tofauti hiyo ndiyo inayopandisha bei. Na angalieni namba kwenye karatasi kwa makini, maana mashine hizi hufanana kama pacha. Teltonika, kampuni ya kule Lithuania, wanatengeneza RUTX11 na RUTX12. Sanduku la chuma la aina moja, jina linapishana tarakimu moja tu. RUTX11 ina modemu moja na nafasi mbili za laini. RUTX12 ina modemu mbili. Mtu akikosea tarakimu hiyo kwenye hati ya manunuzi, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, utakuja kujua ukiwa Somanga.

Lakini ngoja, tusimalize mapema. Hata ukiwa na modemu mbili, bado mazungumzo yanaweza kukatika. Kila kampuni ya simu huipa rauta yako anwani yake. Kompyuta ya daktari inazungumza na anwani ile ya kwanza. Ukihamia kampuni ya pili, anwani inabadilika, na kompyuta ya daktari inabaki inazungumza na nyumba ambayo mwenyewe amehama. Programu nyingine zina akili, zinakutafuta tena baada ya muda mfupi. Nyingine hukata, ukaanza kupiga upya. Ukituma faili au ukisoma barua pepe hutaona chochote. Ukiwa katikati ya mazungumzo utaona.

Dawa yake ipo. Ni kuwa na mashine nyingine mjini, au huduma ya kukodi, inayopokea laini zote mbili na kuzifunga kuwa kamba moja. Daktari anazungumza na mashine hiyo ya mjini, nayo anwani yake haibadiliki hata garini laini zikipokezana namna gani. Peplink, kampuni ya Hong Kong, wanaiita kazi hiyo SpeedFusion, na mashine yao ya MAX Transit Duo ina modemu mbili kwa ajili hiyo. Wako na wengine. Mashine za namna hii zinaweza hata kutuma kila neno mara mbili, mara moja kwa kila laini, la kwanza kufika ndilo linalotumika. Sisi sasa tunafanya hivyo tukiwa hewani.

Gharama yake ni bando. Kwa sauti peke yake si kitu: matangazo yetu hutumia kilobiti 64 kwa sekunde, ambazo kwa saa nzima hazifiki megabaiti 30, na hata ukizidisha kwa mbili unaweza kuzilipia bila kuuza kuku. Ila video ya daktari ni jambo jingine. Ikitumia megabiti moja kwa sekunde, saa moja ni megabaiti 450, na ukituma mara mbili ni 900. Wiki ya vijiji kumi, piga hesabu mwenyewe. Nashauri kutuma mara mbili kuwekwe kwa sauti ya daktari, video iachwe ichechemee. Mgonjwa anavumilia sura iliyoganda. Havumilii "meza vidonge vi..." kisha kimya.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wauzaji wote wawili hawakukuandikia, na ambalo mimi binafsi lilinishangaza. Tunadhani kampuni mbili ni minara miwili. Zamani ilikuwa hivyo zaidi. Lakini mwaka 2010 Tigo, ambao siku hizi wanaitwa Yas, waliingia mkataba wa kuiuza minara yao kwa Helios Towers, kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki minara na kuwapangisha wenye simu. Mwaka 2013 Vodacom nao wakafanya hivyo hivyo na kampuni ile ile. Airtel walianza kukabidhi minara yao kwa mwekezaji mwingine wa minara mwaka 2022. Sioni ubaya wake. Kwa nini kila kampuni ijenge mnara wake katika kijiji kimoja? Ila maana yake ni kwamba laini zako mbili, zenye majina mawili na rangi mbili, zinaweza kuwa zimening'inia kwenye chuma kimoja, zinanyweshwa dizeli na jenereta moja. Jenereta likizima, zote mbili zinalala pamoja, na rauta yako ya bei mara tatu inakaa inakuangalia.

Ndiyo maana huwezi kuchagua laini ukiwa Kariakoo. Lazima uzichague njiani. Sisi tulifanya hivi: tulichukua simu nne za kawaida, kila moja na kampuni yake, tukasafiri hadi Nangurukuru, na kila tuliposimama tukaandika kwenye daftari ipi inapitisha data kweli. Nasema kupitisha data. Si kuhesabu vistari vya kwenye kioo, maana vistari vinaweza kujaa na kisipite kitu. Baada ya safari mbili tuliona kampuni mbili tulizokuwa tukizipenda mjini zinapotea mahali pale pale, kilometa kwa kilometa, kama mume na mke. Tukaachana na mmojawao, tukachukua kampuni ambayo mjini hatuithamini, lakini ilikuwa na uhai pale ambapo mwenzake hana. Daftari lile lilitugharimu mafuta na soda, na limetusaidia kuliko kifaa chochote.

Na hata hapo kuna siku zote zitalala. Siku nane tu baada ya Hidaya, Jumapili ya Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika kusini kwetu, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania nzima intaneti ikawa ya kubabaisha, kampuni hii na ile, mjini na shamba. Siku hiyo ungekuwa na laini kumi zisingekusaidia sana. Mama, siku ya namna hiyo rudi kwenye simu ya kawaida ya kupiga, umsomee daktari vipimo kwa mdomo. Iandikeni namba yake kwa kalamu ukutani mwa gari. Sisi tunayo namba ya studio imebandikwa juu ya kiti cha dereva, na mwaka ule tuliitumia.

Nikiwa bado kwenye gari, niseme juu ya antena, maana hapa watu hutupa fedha zao. Gari ni sanduku la chuma. Ukiiweka rauta chini ya kiti na vijiti vyake vya plastiki, umeifungia ndani ya sufuria. Antena inakaa juu ya paa, nje. Kila modemu hutaka antena mbili ili ifanye kazi vizuri, kwa hiyo modemu mbili ni antena nne, na kuna za kuzichanganya zote ndani ya kofia moja inayofanana na pezi la papa. Waya wake uwe mfupi. Waya mwembamba ukiwa mrefu hula mawimbi njiani, na kila desibeli tatu zinazopotea ni nusu ya nguvu imekwenda. Tuliwahi kununua antena ya bei kubwa halafu fundi akatuwekea waya wa mita kumi, uliobaki akaukunja nyuma ya kiti kama kamba ya kuanikia nguo. Tulipoukata ukabaki mita mbili, Ikwiriri ikawa mahali pengine kabisa. Na paa likiwa la plastiki ngumu, kama yalivyo baadhi ya magari ya wagonjwa, mwambie fundi mapema, kwa sababu baadhi ya antena hutaka chuma chini yake.

Umeme nao ni ugomvi. Gari likipigwa stata, betri ya volti 12 hushuka ghafla, hata chini ya volti 9, na rauta nyingi hapo hujizima na kuanza upya. Kuamka kwake ni dakika moja au mbili. Sasa fikiria dereva anazima na kuwasha gari kila kijiji. Tafuta fundi umeme wa magari aitafutie waya wake wenyewe kutoka kwenye betri, wenye fyuzi, pamoja na kifaa cha kushikilia volti zisiyumbe au kibetri kidogo cha pembeni. Usikubali ichomekwe kwenye tundu la kuwashia sigara. Tundu hilo hulegea barabara ya vumbi ikianza, na utailaumu kampuni ya simu bure.

Kuna na masafa. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani, ambayo ndugu yako wa ughaibuni atakuletea kwa bei ya kutamanisha, huweza kukosa masafa ya megahezi 800 yanayotumika upande wetu wa dunia, nayo ndiyo ya aina inayofika mbali vijijini. Itafanya kazi vizuri sana Posta. Ukivuka Mkuranga itakuwa pambo. Mwulize muuzaji masafa kwa maandishi, na kama mashine imeidhinishwa na TCRA, na kama kuna ada ya kila mwaka, kwa sababu nyingine usipolipia ada baadhi ya kazi zake hujifunga.

Basi, Mama, nani anakuibia? Ningekuwa mimi, ningegawa kazi za gari lako kwanza. Kama kazi ni kutuma majina ya wagonjwa, picha na majibu ya vipimo, rauta ya kwanza, ya modemu moja, inakutosha kabisa. Karatasi inaweza kungoja dakika mbili, na tofauti ya bei itakununulia antena nzuri na dawa za kutosha. Mwambie tu fundi aiwekee mashine masharti mawili. Isikimbilie kurudi laini ya kwanza mpaka iwe imetulia dakika kumi, maana hicho ndicho kilichotuua sisi. Tena isiridhike na kuona mnara; iwe inajaribu kufika anwani mbili tofauti za mbali, ndipo iseme laini iko hai. Ikijaribu anwani moja tu, siku anwani hiyo ikilala itadhani laini zote zimekufa.

Lakini umeandika kwamba daktari anazungumza na mgonjwa akiwa kitandani. Kwa kazi hiyo wa pili hakuibii, ila kama profoma yake haina ile mashine ya mjini ya kufunga kamba, amekuuzia nusu ya kitu kwa bei ya kitu kizima. Mwulize. Akikuangalia bila kuelewa, umeshapata jibu.

Na kabla ya kulipa, mwambie kila mmoja akuazime mashine yake kwa safari moja, kwa dhamana. Mkifika Somanga mpigie daktari, mwambie ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, bila kusimama. Mwenzako achomoe antena za laini inayofanya kazi. Wewe andika alipoishia daktari na aliporudi. Ukisikia kumi na mbili kisha kumi na tatu, lipa. Ukisikia kumi na mbili kisha tisini na tano, mrudishie mwenyewe mashine yake. Anayekataa kukuazima, weka profoma yake chini ya ile nyingine.

Yule dereva wa Noah, mkitaka kujua, bado hunipigia simu mvua zikianza. Huniuliza barabara ikoje, halafu huniambia nirudie.